Frilansa, soma zile kurasa zinazoboa

Ukishaingia kwenye hii kazi ya frilansi, yani unajitegemea bila kuajiriwa na mtu, kuna makala za tija huwezi kuzikwepa, zinakufuata kila ukifungua simu. Jinsi ya kumaliza kazi za wiki kwa siku mbili, tabia za watu waliofanikiwa kabla ya kifungua kinywa, kwanini uamke saa kumi na moja alfajiri, halafu wiki ijayo mtu mwingine anakuja na kwanini usiamke saa kumi na moja alfajiri. Mi nazisoma. Nazipenda hata, zina utamu wake ukiwa umekaa kwenye foleni ya Ubungo na bando lipo. Ila ukiniuliza nimesoma nini onlaini kikagusa hela inayoingia, karibu vyote ni vitu ambavyo sijawahi kuona mtu anavishea: ukurasa wa makato wa jukwaa la kazi, sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 kuhusu wadaiwa wanaochelewesha, jedwali la tarehe ambazo nchi za watu zinabadilisha saa. Vinaboa kufa, hakuna picha, hakuna mtu anayetabasamu na laptopu ufukweni.

Kwa mgeni hapa, mi nadizaini ripoti. Yani shirika limefanya mradi miaka mitatu, lina faili la Word la kurasa themanini limejaa majedwali, wanataka kitoke kitu ambacho mfadhili atakisoma bila kusinzia, hapo ndo naitwa. Wateja wengi wako London na New York, wengine Geneva, Nairobi wachache, na mimi niko Dar nyumbani kwetu na mama na wadogo zangu na feni.

Tuanze na hilo la kuamka alfajiri maana ndo wimbo mkubwa. Aliyeandika makala ile mteja wake analala muda anaolala yeye. Wangu, tuchukue majira yao ya baridi maana kiangazi kila kitu kinarudi nyuma saa moja, ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi yao, hapa ni saa kumi na moja jioni, watu wanatoka kazini. Mteja wa California ndo kabisa, saa tatu yake asubuhi kwangu ni saa mbili usiku, taarifa ya habari inaanza, na akisema nitakutumia marekebisho kabla sijatoka ofisini ujue yataingia saa kumi alfajiri wakati hata muadhini hajaamka. Sasa mtu mwenye wateja wa namna hiyo ukimwambia aamke saa kumi na moja akimbie kilomita tano atakuona una uadui naye.

Lakini geuza upande wa pili uone. New York wanalala, na kuanzia asubuhi kwetu mpaka jioni hakuna mtu wa kule atakayekuandikia chochote. London wanaingia ofisini kwenye saa sita mchana yetu, au saa tano wakati wao wa kiangazi. Kwahiyo asubuhi nzima ya Dar ni yako, hakuna imeli, hakuna "una dakika mbili?". Waandishi wa huko wanatoa semina za kufundisha watu kupata saa tatu za utulivu kwa siku, sisi tunazipata bure kwa sababu ya jiografia na hatuzitaji hata kwenye wasifu wetu. Mi sasa hivi nazitaja. Namwambia mteja wa Marekani: ukinitumia maoni yako jioni yako, ukiamka unakuta yamefanyiwa kazi. Wanalipenda hilo kuliko wanavyopenda sampuli zangu, sijui kwanini, labda kwa sababu hisia yake ni kama kitu kimejifanya chenyewe usiku.

Na hapo ndo linaingia lile jedwali la saa. Sisi Afrika Mashariki hatubadilishi saa, tuko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, tumetulia. Wamarekani wanasogeza zao Jumapili ya pili ya Machi, Waingereza na Ulaya wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi. Katikati hapo kuna wiki mbili, mwaka mwingine tatu, ambapo kikao kilichopangwa na mtu wa New York kimesogea kwako kwa saa moja na cha mtu wa London bado kiko palepale, halafu ukishazoea nacho kinasogea. Mwisho wa mwaka inajirudia kinyume, Ulaya wanaanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani wanafuata Jumapili ya kwanza ya Novemba. Frilansa wengi wa huku wanaitwa wazembe kwenye wiki hizo na wala sio uzembe, hakuna mtu aliyewahi kuwaambia. Dawa yake ni ndogo, kila muda unaomwandikia mteja andika wa kwake na wa kwako kwenye sentensi moja, na uangalie kikao kiliwekwa na nani maana kinafuata saa ya nyumbani kwa aliyekiweka.

Haya, nyumbani. Kuna makala Paul Graham, mwanaprogramu na mwekezaji wa kampuni changa za teknolojia, aliiandika 2009, fupi tu, ya ratiba ya mtu anayetengeneza vitu na ratiba ya meneja. Hoja yake ni kwamba meneja siku yake imekatwa vipande vya saa moja moja, kikao kikiingia kinachukua kipande chake basi, lakini mtu anayeandika programu au anayeandika chochote anahitaji nusu siku iliyo nzima, ukimwekea kikao saa nane mchana umemuulia mchana wote kwa sababu kabla ya kikao haanzi kitu kikubwa na baada ya kikao muda uliobaki hautoshi kitu kikubwa. Hii ni kati ya makala chache za tija ambazo zikitajwa sibishi. Ila kwake yeye adui ni kikao, na sisi wengi hata vikao hatuna. Adui wetu ni "si upo tu hapo".

Si upo tu hapo, hebu kimbia kwa Mangi ulete unga. Si upo tu hapo, fundi wa bomba anakuja saa ngapi sijui umfungulie. Shangazi yuko njiani kutoka Tanga, mpokee stendi ya Magufuli maana wenzio wako kazini. Wenzio wako kazini! Na wewe umeshika kompyuta unafanya kazi ambayo ndo inalipa luku ya nyumba nzima. Ukijaribu kueleza kuhusu frilansi, uchumi wa kidijitali, mteja yuko Geneva, unaangaliwa kwa huruma hivi, kama mtu ambaye mambo hayajamnyookea lakini anajitahidi kuongea vizuri. Kilichosaidia kwetu ni zamu. Mama yangu amefanya kazi hospitali, zamu anaielewa mpaka kwenye mifupa, mtu akiwa zamu hatumwi dukani hata kama anaonekana amekaa. Kwahiyo asubuhi naamkia, "shikamoo mama, leo niko zamu mpaka saa saba", na yeye anajibu marahaba na ndo anakuwa mlinzi wangu, akija mtu anaambiwa dada yuko zamu msimsumbue. Saa saba nikitoka natumwa, na naenda, hiyo haina mjadala.

Makala nyingine ambayo watu wanainukuu kila wiki bila kuisoma ni ile ya Parkinson, mwanahistoria wa Uingereza, kwamba kazi inatanuka mpaka ijaze muda uliopewa. Mitandaoni inatumika kama fimbo, jipe dedlaini fupi utafanya haraka. Sasa nenda kasome yenyewe, ilitoka kwenye gazeti la The Economist Novemba 1955, na utacheka, kwa sababu haihusu kabisa mtu mmoja kujipangia muda. Inahusu ofisi za serikali ya Uingereza na jinsi watumishi wanavyoongezeka bila kujali kama kazi ipo. Na mfano wake mmoja unatuhusu sisi moja kwa moja, Ofisi ya Makoloni kule London, ile ile iliyokuwa juu ya Tanganyika na Kenya na Uganda na Zanzibar. Mwaka 1935 ilikuwa na watumishi 372. Mwaka 1954 wamefika 1,661. Yani himaya inapungua, karatasi zinaongezeka. Anatoa sababu mbili, ya kwanza mkubwa wa ofisi anapenda kuongeza watu chini yake na sio wapinzani pembeni yake, ya pili watumishi wanatengenezeana kazi wao kwa wao.

Hiyo ya pili ndo niliisoma mara mbilimbili nikaona wateja wangu wote mule ndani. Ripoti inachelewa kwa sababu ya watu wa kule kuandikiana maoni juu ya maoni, mmoja anasema rangi ya bluu ikolee, bosi wake anasema ipoe, mtu wa mawasiliano anauliza kwani tumeacha kijani? Spidi yangu mimi haimo humo kabisa. Ripoti yenye mtu mmoja wa kusaini inaisha. Ripoti yenye "timu" ina faili linaitwa final, final2, final ya mwisho kabisa. Kwahiyo siku hizi kabla sijataja bei swali langu la kwanza halihusu idadi ya kurasa, nauliza ni watu wangapi wataipitia na nani ana neno la mwisho. Bei inapanda kulingana na vichwa. Na kwenye mkataba kuna raundi mbili za marekebisho, ya tatu inalipiwa, na cha ajabu raundi ya tatu ikishakuwa na bei mara nyingi haihitajiki tena.

Ile mbinu ya nyanya, wenyewe wanaiita Pomodoro, nipite haraka. Mwitaliano mmoja, Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 80 alichukua taima ya jikoni yenye umbo la nyanya akawa anasoma kwa dakika 25 kisha anapumzika. Safi tu, inafanya kazi. Ila mwisho wa 2023 kuingia 2024, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Nyerere kule Rufiji haujaanza kuingiza umeme Februari, mwenye taima alikuwa mgao wa umeme. Umeme ukirudi unachaji kila kitu na kutuma mafaili makubwa, ukikatika unaandika na kuchora kwenye karatasi, na hiyo ndo ilikuwa mbinu yako ya tija mpende msipende. Halafu Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika, nusu ya Afrika Mashariki intaneti inatembea kwa magoti. Tangu hapo kazi yoyote yenye dedlaini nahakikisha mafaili yote yako kwenye mashine yangu na sio kwenye wingu la mtu. Hakuna makala ya tija ya California itakayokwambia hivyo, na wala siwalaumu, kwao waya haukatiki chini ya bahari wakakosa hata imeli.

Sasa hela.

Chukua majukwaa ya kazi, yani zile tovuti ambazo frilansa anakutana na wateja. Fiverr ilianza 2010 na kazi za dola tano tano, jina lenyewe limetoka hapo. Makato yao ni asilimia 20, kwahiyo kwenye tano unapata nne, na bado hujaitoa. Upwork, jukwaa lingine, walikuwa na ngazi kuanzia 2016: dola 500 za kwanza kwa mteja mmoja wanakata asilimia 20, zikivuka hapo mpaka 10,000 asilimia 10, zikizidi asilimia 5. Mwaka 2023 wakafuta ngazi, wakaweka asilimia 10 kwa wote, na kwenye magrupu ya WhatsApp watu wakashangilia maana ishirini imekuwa kumi. Ukikaa na kikokotoo unaona aliyepata nafuu ni mwenye wateja wadogo wadogo wengi, na aliyeumia ni yule aliyekaa na mteja mmoja miaka, ambaye jana alikuwa anakatwa tano na leo anakatwa kumi. Yani ule ukurasa mmoja ulikuwa unakwambia uwinde wateja wa aina gani na uwe na bei gani, na mwaka 2025 wakabadilisha tena, makato sasa yanategemea kazi yenyewe. Watu wanasoma uzi mrefu wa jinsi ya kuandika proposo ya kuvutia ya kuombea kazi ila ukurasa huu hawajaufungua.

Kutoa hela nako ni somo. Wenzetu Kenya tangu 2018 wanavuta hela kutoka PayPal, ile pochi ya mtandaoni, moja kwa moja kwenda M-Pesa, sisi bongo kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ilikuwa ya kulipa tu, kupokea hakuna. Kwahiyo kijana wa Dar anayefuata video ya mtu wa Nairobi hatua kwa hatua anafika hatua ya mwisho anagonga ukuta, na kazi ameshafanya. Anza na hatua ya mwisho. Jua hela itaingiaje kwenye simu yako au benki yako kabla hujaomba hiyo kazi.

Na thamani yake ikishaingia. Januari 2024 dola moja Kenya ilikuwa inasogelea shilingi 160, kufika Aprili iko kwenye 130 na kitu. Mtu aliyekuwa analipwa dola 1,000 kwa mwezi alipoteza kama elfu thelathini za Kenya bila mteja kupunguza hata senti, na mwenye nyumba hakupunguza kodi. Kwetu mwisho wa mwaka huo shilingi nayo ikapanda ghafla dhidi ya dola, wazalendo wakafurahi, frilansa wakanywa maji. Sisemi mtu acheze biashara ya fedha za kigeni, nasema bajeti ya nyumbani usiipige kwa bei ya dola ya leo, ipige kwa bei mbaya. Na wateja wa hapa hapa ndani usiwaandikie bei kwa dola kabisa, kanuni za Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani kuwekewa bei kwa fedha za kigeni.

Kwenye wanaochelewesha malipo ndo kuna ile sheria ya 1998. Uingereza wana sheria ya madeni ya kibiashara yanayocheleweshwa, inasema kampuni ikimchelewesha aliyeifanyia kazi, anaruhusiwa kudai riba ya asilimia 8 juu ya riba ya Benki Kuu yao, pamoja na fidia ya pauni 40 kama deni ni chini ya pauni 1,000, pauni 70 likiwa chini ya 10,000, na pauni 100 kuanzia hapo. Kama hamkukubaliana tarehe, siku 30 zikipita tayari amechelewa. Ni kati ya biashara na biashara, sio mtu binafsi, na mkataba wenu uwe unafuata sheria za Uingereza. Mi nina mstari mmoja chini ya kila invoisi ya mteja wa London unaoitaja sheria hiyo kwa jina, kwa adabu, bila vitisho. Kuna mteja mmoja alikuwa ananizungusha, leo mhasibu yuko likizo, kesho mfumo umebadilishwa, invoisi yenye ule mstari ilipoingia mhasibu akarudi likizo. Sijawahi kudai hiyo riba kwa mtu. Mhasibu wa kule anaujua huo mstari, ameshauona kwa watu wa kwao, na ukishauandika anajua na wewe unaujua.

Jiji la New York nao tangu Mei 2017 wana sheria yao ya frilansa, kazi ikifika dola 800 lazima kuwe na mkataba wa maandishi na malipo yasipopangiwa tarehe ni ndani ya siku 30, na 2024 jimbo zima likafuata. Mi sitapanda ndege kwenda kumshtaki mtu Manhattan, tusidanganyane, lakini nikijua kwamba kule kuomba mkataba ni kitu cha kawaida kabisa siombi tena kwa sauti ya kunyenyekea. Huku tumelelewa kuona ukimdai mtu karatasi umemtukana.

La mwisho ni hili la ushauri wa kazi kwamba chagua eneo moja, bobea, kila mtu akujue kwa hilo. Nilikuwa nalikubali bila swali na bado nalikubali nusu. Januari 20, 2025 Marekani wakasimamisha misaada yao ya nje kwa siku 90, baadaye mikataba ikafutwa kwa mafungu, na Julai mosi USAID, shirika lao la misaada, ikakoma kuwa shirika linalojitegemea. Mitaa ya Masaki na Oysterbay hapa Dar na kule Westlands Nairobi watu wa mashirika walianza kufunga madawati mwanzoni kabisa mwa mwaka huo, hilo kila mtu alilisikia, ila nyuma yao kulikuwa na sisi: wadizaini, wapiga picha, watafsiri, waandishi wa ripoti, wenye mashine za kuchapa, ambao hatumo kwenye orodha ya wafanyakazi wa mtu yeyote. Kwenye karatasi nilikuwa na wateja wengi tofauti tofauti. Ukigeuza jalada la nyuma la zile ripoti, pale kwenye nembo za wafadhili, unakuta nembo moja inajirudia. Nilikuwa nimezipachika hizo nembo mwenyewe kwa mkono wangu, nazipanga kwa milimita zisibanane.

Kwahiyo kubobea sawa, bobea kwenye kazi ya mikono yako, lakini mifuko inayokulipa iwe mbalimbali, na ili uijue inabidi usome ukurasa wa mwisho kabisa ambao hata mwenye ripoti hausomi. Siku hizi nafanya ripoti za mwaka za saccos na za kampuni za bima, zinalipa kidogo kuliko Geneva, zinalipa kwa shilingi, na mwenyekiti ananipigia simu saa moja asubuhi kuuliza kama picha yake inaweza kuwa kubwa zaidi. Inaweza, mzee. Raundi ya kwanza hiyo.

Vijana wananiandikia inbox karibu kila siku, dada naomba konekisheni, dada nianzie wapi. Nawatumia zile linki: ukurasa wa makato, jedwali la saa, ile sheria ya 1998, mfano wa mkataba wangu na majina nimeyafuta. Wengine wanasoma wanarudi na maswali mazuri mpaka nafurahi. Wengi wanajibu, asante sana dada, ila huna kozi?